Ubao Usiosomeka: Macho ya Mtoto na Kujifunza Kwake

Mhadhara wa wazi kwa walimu, wazazi na wanachuo wa ualimu



Nitaanza na ubao. Katika shule zetu nyingi ubao ndio kitabu. Kitabu cha kiada kimoja hutumiwa na watoto wawili, watatu, pengine dawati zima. Kwa hiyo mwalimu huandika ukutani muhtasari, mifano, mazoezi na hata maswali ya jaribio la Ijumaa, na mtoto hunakili. Anachorudi nacho nyumbani ndani ya daftari ni kile tu ambacho jicho lake limeweza kukichukua kutoka mbele. Mtoto wa nchi tajiri asiyeona mbali anaweza kuponea kwenye kitabu chake mwenyewe, kilicho karibu na uso wake. Wa kwetu hana pa kuponea. Akikosa ubao amekosa somo.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Kupima macho ya mtoto anayeanza shule ni sehemu ya kufundisha, sawa na kumwandika jina kwenye daftari la mahudhurio. Haifai kuwa zawadi ya mfadhili, ambayo akija tunashukuru, asipokuja tunangoja. Na kipimo chenyewe hakijakamilika mpaka miwani iko usoni mwa mtoto, darasani, siku ya masomo. Hapa katikati, baina ya kipimo na miwani, ndipo watoto wengi wanapotupotea, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi leo.

Lakini kwanza tufanye hesabu kidogo. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Kiholanzi, Herman Snellen, wa mji wa Utrecht, alichapisha chati ya herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Chati hiyo, au jamaa yake yenye herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto kwa ajili ya wasiojua kusoma, ndiyo mnayoiona mpaka leo ukutani mwa kila chumba cha macho. Msingi wake ni rahisi. Mtu akisimama mita 6, herufi ndogo kabisa ambayo jicho zuri linatarajiwa kuitambua ina kimo cha milimita 9 hivi. Anayeitambua tunasema ana uoni wa 6/6. Mwenye 6/24 ni yule ambaye husogea hadi mita 6 ili asome kile ambacho mwenye macho mazuri hukisoma akiwa mita 24. Huyu, kwa mita 6 hizo hizo, anahitaji herufi ya milimita 35.

Sasa twendeni darasani na rula. Dawati la nyuma liko mita 6, 7 au 8 kutoka ubaoni. Mwalimu anayetaka somo zima lienee huandika herufi kubwa za sentimita 3 au 4, na herufi ndogo kama a, e na o huwa fupi zaidi ya hapo. Maana yake, mtoto mwenye 6/24 aliyekaa nyuma yuko ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho lake. Anabahatisha. Anaona kwamba kuna neno, anaona urefu wake, anakisia kutokana na sauti ya mwalimu. Hawezi kutofautisha 3 na 8, na katika hesabu tofauti hiyo ndiyo jibu lenyewe. Mwenye 6/60 angehitaji herufi ya karibu sentimita 9. Sijamwona mwalimu anayeandika herufi za ukubwa huo, na simlaumu, maana ubao ungejaa kwa sentensi mbili. Na tangu elimu bila ada ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2016 madarasa yetu yamefurika, jambo jema kwa taifa, lakini limesogeza madawati ya nyuma mpaka ukutani.

Wazazi huniuliza swali moja kila mara: mbona nyumbani anasoma vizuri? Jibu liko kwenye aina ya tatizo. Mtoto asiyeona mbali ana jicho refu kidogo kuliko inavyotakiwa, au lenye nguvu kupita kiasi ya kupinda mwanga, na picha huangukia mbele ya retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, badala ya juu yake. Kwa vitu vya karibu hana shida. Anayehitaji miwani ya nambari hasi 2 huona bila ukungu mpaka nusu mita kutoka usoni. Wa hasi 3 mpaka sentimita 33. Ndani ya umbali huo kuna kitabu, kuna simu ya mama, kuna sindano na uzi. Mzazi akimpima kwa kumpa gazeti ashike mkononi, mtoto husoma bila kukwama, na baba huhitimisha kwamba shida ni uvivu. Ubao haukuwa ndani ya kipimo hicho cha nyumbani.

Yuko pia wa upande wa pili, na huyu hunisikitisha zaidi kwa sababu chati humpitisha. Jicho lake ni fupi. Huona mbali, na kwa kuwa misuli ya jicho la mtoto ina nguvu nyingi, hata karibu hujikaza akaona, lakini kwa jasho. Baada ya nusu saa ya kusoma kichwa kinamuuma, mistari inachezacheza, anafunga kitabu na kuangalia dirishani. Wa tatu ana jicho ambalo umbo lake si la mviringo sawasawa; herufi kwake zina vivuli, na huchanganya m na n mbali na karibu. Hawa wote watatu wana kile ambacho hospitalini huitwa upeo mdogo wa macho kuona, na wote watatu dawa yao ni vioo viwili na fremu. Hakuna upasuaji, hakuna sindano.

Yapo matatizo mengine ambayo hayangoji darasa la kwanza, na nisipoyataja nitakuwa nimewadanganya kwamba shule pekee inatosha. Mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Huyo anatakiwa afanyiwe upasuaji katika wiki za mwanzo za maisha, kwa sababu ubongo wake unajifunza kuona katika kipindi hicho, na usipopata picha safi mapema hauzoei tena. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionesha kwamba watoto wengi walifikishwa hospitalini muda mrefu sana baada ya familia kuliona tatizo, na kwamba umbali wa hospitali na elimu ndogo ya mama vilichangia ucheleweshaji huo. Mboni inayoonekana nyeupe, au inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo huua. Mama akiona weupe mbonini asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Aende leo.

Na makengeza. Tunayazoea, tunasema ni ya ukoo, hata tunamtania mtoto. Jicho linapopinda, ubongo huona picha mbili zisizolingana, na ili kujiokoa huanza kuipuuza moja. Jicho lile linalopuuzwa hudhoofika mpaka linakuwa jicho vivu: zima kwa kulitazama, lakini halisomi. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye jicho moja lina nambari kubwa na jingine ni zuri. Hapo hakuna hata makengeza ya kumshtua mtu. Tiba ni miwani, na kuliziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Hufaulu vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo mlango huwa unafungwa polepole. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 bado yuko ndani ya muda. Akigunduliwa kidato cha kwanza, mara nyingi amechelewa.

Kwa nini mtoto hasemi? Walimu, hapa naomba mnisikilize sana. Mtoto hana macho ya mtu mwingine ya kulinganisha. Aliyezaliwa akiona miti kama mawingu ya kijani hudhani kila mtu anaona miti hivyo, kwa hiyo hana la kulalamikia. Badala yake hujenga mbinu, na mbinu hizo ni za akili sana. Hunakili kwa jirani. Hukariri kwa masikio; katika madarasa ya mwanzo ambako somo huimbwa kwa pamoja anaweza kupita mwaka mzima akiimba ukurasa ambao hajawahi kuuona. Hujichelewesha kunakili mpaka wakati wa mapumziko ili asogee ubaoni, naye huitwa mzembe. Humuuliza mwenzake, naye huadhibiwa kwa kupiga kelele. Adhabu ya kupiga kelele ni ipi? Kupelekwa nyuma.

Nimeona ripoti za shule zenye maneno kama "hana bidii," "mzito," "hazingatii." Sijaona ripoti hata moja kati ya hizo iliyoambatana na matokeo ya kipimo cha macho. Hukumu juu ya akili ya mtoto imetolewa kabla ya kuuliza kama maswali yalimfikia. Mtoto huyu akiambiwa mara za kutosha kwamba kichwa chake ni kigumu, huamini, na hata akija kupewa miwani baadaye imani hiyo haivuliwi kwa siku moja. Utoro huanzia hapo. Nani angependa kukaa saa sita kila siku mbele ya ukuta wenye ukungu, akiadhibiwa kwa kutousoma?

Mtaniuliza kama haya yamepimwa, au ni huruma tu ya mtu wa macho. Yamepimwa. Katika majimbo ya Gansu na Shaanxi, vijijini China, watafiti waliwafuata watoto zaidi ya 3,000 katika shule 252, wote wakiwa na macho yanayohitaji miwani. Wengine walipewa miwani bure, wengine waliachiwa cheti cha nambari ya miwani tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopewa miwani bure walifanya vizuri zaidi katika hisabati mwishoni mwa mwaka wa shule. Tena walifanya hivyo ingawa mwishoni mwa utafiti ni asilimia 41 tu kati yao waliokutwa wameivaa. Katika jiji la Baltimore, Marekani, ambako mpango wa kupima macho na kutoa miwani shuleni ulianza mwaka 2016, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionesha wanafunzi waliopata miwani wakipanda katika kusoma mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili faida hiyo haikuonekana tena. Mimi sioni hapo sababu ya kukata tamaa. Naona onyo kwamba miwani ya mtoto hukaliwa, husahauliwa, hupigwa na mpira, na nambari ya jicho lake hubadilika kadiri anavyokua. Anayetoa miwani mara moja na kuondoka amefanya nusu ya kazi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 37 za sekondari za Dar es Salaam. Wanafunzi wa kidato cha kwanza karibu 7,000 walipimwa macho. Waliokutwa na tatizo linalorekebishika waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likapewa miwani bure, jingine likapewa cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu watafiti walirudi. Katika fungu la cheti, asilimia 26 tu walikuwa na miwani. Katika fungu la bure, asilimia 47. Naomba tuzitazame namba hizi zote mbili bila kukimbilia ile inayotupendeza. Ya kwanza inasema kwamba ukimpa mtoto cheti ukamwambia "mwambie mzazi," watoto watatu kati ya wanne hawatapata miwani. Ya pili inasema kwamba hata bure haitoshi. Zaidi ya nusu waliipokea na hawakuitumia.

Kwa nini? Wengi wenu mnajua, kwa sababu mmeyasikia majumbani. Miwani ni ya wazee. Miwani inazidisha ubovu wa macho. Msichana akivaa miwani nani atamwoa. Ale karoti, atapona. Shuleni anaitwa Macho Manne. Naomba niseme waziwazi: miwani sahihi haiharibu jicho la mtoto. Anapoivua na kuona dunia ina ukungu kuliko zamani, si kwamba jicho limeoza. Ni kwamba sasa anajua uangavu ulivyo. Karoti, mchicha, maembe, maini na matone ya vitamini A hulinda macho dhidi ya ugonjwa mkubwa wa upofu unaotokana na lishe duni, na mama asikose kumpeleka mtoto wa chini ya miaka mitano kupata matone hayo. Lakini karoti haifupishi jicho refu. Na tafadhali, kitu chochote kisichotoka kwa mhudumu wa afya, kiwe majani, maji ya mizizi au maziwa, kisitiwe jichoni mwa mtoto. Kovu la konea, kioo cha mbele cha jicho, halina miwani.

Ninaloliamini zaidi katika mhadhara huu limetoka kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Daktari wa macho Hillary Rono, wa hospitali ya Kitale, pamoja na Andrew Bastawrous na wenzao, walifanya jaribio katika shule 50 za msingi, lenye watoto zaidi ya 20,000. Waliopima walikuwa walimu, waliofundishwa kazi hiyo. Katika nusu ya shule walimu walitumia chati ya kawaida na mtoto mwenye tatizo akapewa barua ya kwenda hospitali. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu ya mkononi iitwayo Peek. Mtoto alionesha E inaelekea wapi, mwalimu akatelezesha kidole upande huo. Kisha likafuata jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: mzazi alipelekewa picha inayoonesha jinsi mwanawe anavyoona, ukungu wote ukiwemo, na baadaye akakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa barua ya kawaida, asilimia 22 ya watoto waliotumwa hospitalini walifika. Kwa njia ya pili, asilimia 54.

Wako watakaosema siri ni simu. Mimi nasema siri ni mzazi. Barua yenye namba 6/24 haimwambii mkulima au mama lishe chochote. Picha ya ukungu inamwambia kila kitu kwa mara moja, na ujumbe wa simu unamwambia kwamba kuna mtu anamngoja. Shule isiyo na programu hiyo bado inaweza kufanya lililo la msingi: kumwita mzazi, kumkalisha kwenye dawati la mwanawe, na kumweleza. Mwambie avae miwani ya kusomea ya babu kisha ajaribu kusoma ubao. Dakika moja inatosha.

Kuna kundi jingine ambalo siwezi kulipita haraka. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino duniani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400 hivi. Rangi ambayo haipo kwenye ngozi haipo pia ndani ya jicho, na jicho lisilo na rangi hiyo halikui sawasawa. Mboni huchezacheza bila kutulia, mwanga wa jua huumiza, na uoni huwa hafifu hata baada ya miwani. Hafifu, lakini upo. Watoto wengi wa namna hii wamepelekwa shule za wasioona na kufundishwa Breli kwa vidole, ilhali wana macho yanayoweza kusoma maandishi makubwa. Wengine wamewekwa shule za kawaida, wakakalishwa karibu na dirisha ambako jua linawapofusha. Mtoto huyu anahitaji mambo yasiyogharimu serikali kitu: akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, aruhusiwe kofia yenye ukingo hata ndani ya darasa, aruhusiwe kusimama na kusogea ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, mwalimu atamke kila anachoandika. Anahitaji pia miwani, kikuzio cha maandishi na darubini ndogo ya kushika mkononi kwa ajili ya ubao. Na mtihani wake uchapishwe kwa herufi kubwa, jambo ambalo shule inapaswa kuliomba mapema.

Hatari mpya iko mijini. Katika miji ya Asia Mashariki vijana wengi mno wanaomaliza sekondari hawaoni mbali. Kusoma karibu kwa saa nyingi na kukosa mwanga wa nje vinahusika. Mjini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionesha kwamba waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, dhidi ya karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Nawaomba wazazi wa mijini mlifikirie hilo mnapomtoa mtoto wa miaka 7 shuleni saa tisa mkamtia kwenye tuisheni mpaka magharibi, kisha mkamnyamazisha kwa simu. Kucheza nje si kupoteza muda. Jicho lake linahitaji anga.

Sasa kazi yenyewe. Inahitaji chati ya E, kamba ya mita 6 yenye fundo mwishoni, na mahali penye mwanga, chini ya kivuli cha ukumbi wa darasa, jua likiwa nyuma ya mtoto na si usoni pake. Mtoto hufundishwa kwanza kwa karibu namna ya kuonesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Wa miaka 6 hujifunza hilo haraka akiambiwa ni mchezo. Jicho moja huzibwa kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, bila kubonyeza, na lisizibwe kwa vidole, maana watoto huchungulia. Jicho la kulia, kisha la kushoto, kila moja peke yake. Msikubali njia ya mkato ya kupima yote mawili kwa pamoja. Ndiyo inayomficha mtoto wa jicho vivu. Asiyeweza mstari wa 6/12 kwa jicho lolote, anaandikwa. Anayepita lakini anaumwa kichwa akisoma, anafinya macho, anainamisha shingo upande mmoja au anashika kitabu puani, anaandikwa pia, kwa sababu nimeshawaeleza kwamba chati haimkamati kila mtu. Msiwapime mbele ya darasa zima linalocheka. Na msiandike kamwe kwenye cheti chochote neno "kipofu."

Kipimo kimoja wakati wa kuanza shule hakitoshi. Kutoona mbali huanza mara nyingi kati ya miaka 8 na 16, wakati mwili unarefuka. Mimi ningependekeza darasa la kwanza, darasa la nne kabla ya upimaji wa kitaifa, na kidato cha kwanza, na kati ya hapo mtoto yeyote ambaye alama zake zimeshuka ghafla. Inashangaza jinsi tunavyomtafutia huyo mwalimu wa ziada kabla ya kumtafutia chati.

Mwalimu asigeuzwe daktari. Kazi yake ni kuchuja. Baada ya hapo anahitajika mtaalamu wa kupima nambari, na wataalamu hao wamejazana mijini. Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri ni kwamba mtaalamu aende shuleni kwa ratiba inayojulikana, akiwa na fremu za ukubwa wa watoto na rangi ambazo watoto wenyewe wamechagua. Mtoto aliyechagua fremu yake huivaa. Aliyepewa fremu ya babu huificha begini. Watoto wengi wenye nambari zinazolingana macho yote mawili wanaweza kupewa miwani iliyo tayari siku ileile. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajapata huduma. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la huduma ya macho kwa wote, na mwaka 2024 shirika hilo la afya likazindua mpango wa SPECS 2030 wa kufikisha miwani kwa wanaoihitaji. Tunayakubali maazimio haya kwa makofi. Utekelezaji wake uko kwenye bajeti ya halmashauri na kwenye ratiba ya shule.

Walimu wakuu mlio hapa, na nyinyi wanachuo mtakaofuata, nawaomba jambo moja linalowezekana bila kusubiri waraka. Wiki ya pili ya Januari, baada ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, wapimeni wote. Kabla ya matokeo ya kipimo kurudi, wanaoshindwa kunakili wakae safu ya mbele, na asiwepo atakayepelekwa nyuma kwa kosa la kumuuliza mwenzake. Andikeni kwenye daftari moja majina ya walioshindwa mstari wa 6/12, na wazazi wao waitwe mmoja mmoja. Jina lolote lisikatwe kwenye daftari hilo mpaka mwalimu wa darasa athibitishe kwamba mtoto ana miwani, na kwamba anaivaa.